Kuhuisha Chukudu ya Mushaki

Mtu anayeteremka kutoka Mushaki, katika milima ya Masisi, akielekea Sake na hatimaye Goma, hufundishwa na barabara yenyewe kwamba mzigo daima hutaka kufika chini kabla ya mwenyewe. Mushaki iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Na baina ya vimo hivyo viwili zimelala kona kali, tope la masika na mawe yaliyochongoka, ambapo viazi, kabichi, maharagwe, mbao na makaa hupitishwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na mnyororo wala pedali wala kiti, ambacho watu wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hukiita chukudu.

Mintarafu ya ukarabati wa vyombo vya magurudumu mawili, maarifa mengi yaliyoandikwa yanahusu baiskeli za Ulaya, na hasa zile za kale za mbio za uwanjani, ambazo hazina breki wala gia za kubadilisha, na ambazo gurudumu lake la nyuma limefungamanishwa na pedali hata haliwezi kuzunguka pasi na miguu ya mpandaji kuzunguka pamoja nalo. Wapenzi wa baiskeli hizo huzitafuta mabandani, huzivua kutu, huzipaka rangi upya na kuzitengeneza kwa kadiri ya matakwa yao. Mimi nashikilia kwamba chukudu ni ndugu yao wa nasaba moja, na kwamba fundi wa Masisi anayebadilisha gurudumu la mkaratusi, na fundi wa Milano anayefufua fremu ya chuma ya miaka ya 1950, wote wawili wanafungwa na sharti moja: chombo kilichopunguzwa viungo hadi kikabaki na vile tu visivyoepukika hakimvumilii mtu anayebadilisha kitu kabla hajajua kitu hicho kilikuwa kikifanya kazi gani.

Nasaba yenyewe ni dhahiri. Mwezi Juni mwaka 1817, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, Karl von Drais alipanda hadharani chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyofuatana, akikisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja baadaye, na baiskeli ya mnyororo tunayoijua leo ilipata umbo lake kwa John Kemp Starley wa Coventry mwaka 1885. Chukudu, ambayo husimuliwa kuwa ilianza kuenea Kivu katika miaka ya 1970, haikumwiga Drais; ilizaliwa na haja yake yenyewe, kwa kuwa kule mzigo ni mzito, petroli ni ghali, na mti mgumu hauko mbali. Hata hivyo, Drais na fundi wa Kivu, waliotengana kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, waliifikia hikima ileile ya magurudumu mawili, usukani mmoja, na mguu wa mtu.

Ili msomaji aelewe sharti nililolitaja, na atazame kitu kidogo mno katika baiskeli ya uwanjani. Gia ya nyuma hukazwa katika kitovu cha gurudumu kwa hesi ya kawaida, ile inayokaza kuelekea kulia. Na juu yake hukazwa pete nyembamba ya chuma yenye hesi ya kinyume, inayokaza kuelekea kushoto. Anayeikarabati baiskeli hiyo bila ya kuijua huiona pete ile kuwa pambo, au huilazimisha kwa spana kwa upande usio wake akaziharibu hesi. Ilhali kazi yake ni hii: mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzuia pedali kwa nguvu za mapaja yake, na nguvu hiyo ya kurudi nyuma ingeifungua gia, lau kama pete isingekuwapo, lakini kwa kuwa hesi ya pete ni ya kinyume, nguvu ileile inayotaka kuifungua gia ndiyo inayoikaza pete. Mwenye kuitoa na kuiacha mezani amemwondolea mwenzake breki pekee aliyokuwa nayo.

Basi turudi Mushaki na tuiweke chukudu iliyochoka mbele yetu. Fundi mwenye adabu ya kazi hashiki msumeno kwanza. Huiinua nyuma, akaizungusha na kuisikiliza. Hutazama nyufa zinafuata upande upi wa nyuzi za mti. Huupima kwa mkono ulegevu wa shingo ya usukani. Boriti kuu, ambayo ndiyo uti wa chombo kizima, haina budi kuwa ya mti mgumu, na ufa unaofuata nyuzi kwa urefu waweza kuvumiliwa ukifungwa kwa bolti inayopita ubavu hadi ubavu, ila ufa unaozikata nyuzi kwa mapana, hata ukiwa mfupi kama kidole, ni hukumu ya mwisho: boriti hiyo itavunjika chini ya mzigo, na itavunjika mteremkoni, mahali ambapo uzito wote husukuma mbele. Wapo wanaoupaka gundi na rangi ufa wa namna hiyo ili kuuza chombo. Huo si ukarabati. Ni udanganyifu, na anayelipa ni kijana aliye kati ya mzigo na bonde.

Magurudumu ndiyo yenye elimu kubwa zaidi. Huchongwa kwa mbao nene, aghalabu za mkaratusi, mti uliokuja na wageni na sasa umetanda katika vilima vya Masisi. Kisha ukingo wake huvishwa ukanda wa mpira uliokatwa katika matairi makuukuu ya magari na kupigiliwa misumari kuzunguka. Katika ukanda huo pana historia ambayo sipendi ipite kimya. John Boyd Dunlop alipolitengeneza tairi la upepo mwaka 1888, na baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani kama moto wa nyika, mpira ukawa mali ya thamani kubwa, na katika Dola Huru ya Kongo, aliyoitawala Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kama milki yake binafsi tangu 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kuuchuma msituni kwa mijeledi, kwa kushikwa mateka wake zao, na kwa kuuawa. Raha ya mpanda baiskeli wa London ilikuwa na gharama iliyolipwa na Mkongo. Leo mpira uliokwisha kutupwa na magari unafungwa upya na mikono ya Kongo juu ya gurudumu la Kongo kwa faida ya Mkongo mwenyewe, nami nauheshimu ukanda ule zaidi ya rimu yoyote ing'aayo.

Ukanda huo una kazi tatu, na anayeubadilisha azijue: huukinga mti usiliwe na mawe, na hasa mawe ya Goma, mji ambao volkano ya Nyiragongo iliumwagia lava mwaka 2002, ambayo ukali wake humaliza mbao tupu upesi; hupunguza mishtuko inayofika katika boriti na katika mikono; na hushika ardhi panapokuwa na tope. Kwa hiyo kipande chembamba kilichochakaa sawasawa si uchumi, bali ni kuhamisha hasara kutoka mpirani kwenda katika mti. Misumari nayo isipigwe katika mstari mmoja, kwa sababu mstari wa matundu hupasua mbao; ipishane, na vichwa vyake vizame ndani ya mpira visije vikasuguliwa na mawe. Maungio ya ukanda yakatwe mshazari, ili gurudumu lisigonge kila linapozunguka.

Katikati ya gurudumu hukaa beringi ya gololi iliyotolewa katika gari au mashine, na hapo ndipo mabadiliko ya siku hizi yanapofaa kweli: beringi nzuri yenye grisi safi humpunguzia mtu taabu ambayo hakuna nguvu ya kifua inayoweza kuifidia. Lakini tundu la mbao likishapanuka, kuweka beringi mpya peke yake ni kazi bure, maana itacheza humo hadi ilipasue gurudumu. Sharti kwanza tundu livishwe bamba, au gurudumu lichongwe jipya.

Nimekuta watu wanaoshauri kwamba chukudu ifungwe magurudumu ya baiskeli, kwa kuwa ni mepesi. Wepesi huo ni wa kweli chombo kikiwa kitupu. Gurudumu la spoku limeumbwa kumbeba mtu mmoja na furushi lake, ilhali chukudu iliyojaa hubeba mamia ya kilo, na kila kona huyasukuma magurudumu kwa ubavu. Na pancha moja, katika njia isiyo na duka la fundi, humlaza mtu porini na viazi vyake. Kinyume chake, springi iwekwayo mbele, ambayo baadhi ya mafundi huifunga kati ya shingo na boriti, ni ziada iliyotokana na njia yenyewe, nami naikubali kwa moyo mmoja.

Breki ni kipande cha tairi nene kilichotundikwa karibu na gurudumu la nyuma, nacho hubanwa kwa mguu wakati wa kuteremka. Huonekana duni, na ndicho kipande ambacho wanunuzi hawakitazami. Kichunguzwe kwanza kuliko vyote. Kikibanwa, kiguse gurudumu kwa upana wake wote. Kisiwe na mafuta yaliyochuruzika kutoka katika beringi. Na kipachikwe mahali ambapo mguu hukifikia bila ya mwili kuhama, kwani mtu aliyejikunja kuitafuta breki amekwisha kuuacha usukani. Kadhalika pedi ya mpira pale juu ya ubao, ambapo goti moja hupumzika huku mguu wa pili ukipiga ardhi, si anasa. Irudishwe mahali pake hasa, kwa kipimo cha paja la mwenye chombo, sawa na vile mshindani wa uwanjani anavyopimiwa kiti chake.

Mapambo yaruhusiwe. Rangi, jina la mwenyewe, maneno ya dua au ya kujigamba yaandikwayo mbele, yote ni haki ya mtu anayepitisha maisha yake juu ya chombo hicho, maadamu rangi haifuniki nyufa. Goma wameiinua chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara tangu mwaka 2009, na ni heshima inayostahiki. Hata hivyo, heshima kubwa zaidi ni ya zile zinazopita chini yake. Vita vilipoifikia Mushaki mwaka 2023, na watu wa Masisi wakakimbilia upande wa Goma, si viazi tu vilivyobebwa juu ya vyombo hivyo. Na kwa watu wa namna hiyo, boriti iliyotengenezwa kwa insafu si suala la ladha.

Kazi ikiisha, chombo kisipelekwe mteremkoni siku hiyo hiyo na mzigo kamili. Kipite kwanza kitupu katika njia tambarare, kisha na mzigo wa robo, kisha wa nusu, na baada ya kila safari bolti zikazwe tena, kwa sababu mbao mpya hukauka na kusinyaa, na bolti iliyokuwa imebana jana hulegea leo. Vitovu viguswe kwa mkono: kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenziwe, beringi imekaa upande, nayo haina budi kutolewa na kupangwa upya kabla chukudu haijapandishwa mlimani kuchukua mzigo wake kamili wa kwanza.