Nguo za Sandukuni na Mfarishi wa Viraka

Mkoa wa Simiyu ni nchi ya pamba. Kutoka Bariadi hadi Maswa, Itilima, Meatu na Busega, msafiri apitaye wakati wa mavuno huona mashamba meupe kandokando ya njia, na magari yaliyosheheni magunia yakielekea kwenye vinu vya kuchambulia pamba. Tangu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kutengwa hasa na Shinyanga, mkoa huu umehesabiwa miongoni mwa walio mbele kabisa katika zao hili. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje kabla haijasokotwa uzi, nasi tukahitaji nguo, twanunua zilizofumwa kwingine.

Pengine ndiyo sababu mama wa nyumba katika nchi hii huithamini sana nguo. Ajua jasho lililo ndani ya pamba. Akitunzwa kitambaa cha batiki siku ya arusi, au akiletewa zawadi na mwanawe aliyesafiri Mwanza au Dar es Salaam, hakikati upesi. Hukikunja, akakiweka sandukuni chini ya kitanda, akisema moyoni kwamba siku yake itakuja. Miaka hupita. Kitambaa cha pili huwekwa juu ya cha kwanza, na cha tatu juu ya cha pili, hata sanduku likajaa na siku ile isije.

Twapenda leo kuzungumza na akina mama, mabinti na vijana wa nyumba za Kiislamu juu ya sanduku hilo: nguo zilizomo zaweza kufanywa nini, na ni haki za nani zilizomo pamoja nazo.

Akiba yenye kuoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, kama akiba yenyewe ni ya vitu visivyooza. Ama nguo ya pamba, hiyo huoza. Unyevu wa masika huitia ukungu. Mchwa hupanda kutoka ardhini. Panya huitafutia makao. Na mahali ilipokunjwa miaka mingi pasipo kugeuzwa, nyuzi hudhoofika, kisha hukatika kwenye mkunjo. Mara nyingi mwenye sanduku hufungua akidhani ana doti nane, kumbe nzima ni tano.

Batiki, zaidi ya nguo nyingine, yastahili kuokolewa na hali hiyo, kwa kuwa ni kazi ya mikono. Fundi huyeyusha nta, akaipaka kitambaani kwa brashi au kwa muhuri, kisha akakitia katika rangi. Penye nta rangi haingii. Nta huondolewa kwa maji ya moto, na ua au nakshi hubaki. Ukitazama vizuri utaona vijistari vyembamba kama mishipa ya jani. Hapo ndipo nta ilipopasuka, rangi ikapenya. Ufundi huu una sifa kubwa katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, ambako Waislamu ni wengi. Na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiorodhesha batiki ya Indonesia miongoni mwa urithi wa wanadamu. Hapa Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, ni miongoni mwa waliofundisha kazi hii, na wanawake wengi wamepata riziki yao kwayo. Kuiacha kazi kama hiyo iliwe na mchwa si kuitunza. Dini yetu imekataza israfu, nayo haipatikani kwa mwenye kutumia kupita kiasi tu. Hupatikana pia kwa mwenye kuacha neema ipotee bila ya kumfaa mtu.

Kiraka si aibu

Huenda binti aliyesoma akauliza: "Je, tukate nguo nzima tufanye viraka? Si viraka ni alama ya umaskini?" Yafaa ajibiwe kwa upole.

Kwanza, kanga aliyojitanda mama yake ilianza kwa kuunganishwa vipande. Husimuliwa kwamba katika karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkono zikiwa bado hazijakatwa moja moja, wakazikata tatu tatu, wakashona mkanda mmoja na mwenziwe, zikawa leso sita katika nguo moja. Wafanyabiashara walipoona jinsi nguo ile ilivyopendwa, wakaagiza ichapwe nzima. Jina la leso limebaki mpaka leo.

Pili, ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako watu waitwao Wasidi. Asili yao ni Afrika. Babu zao walipelekwa huko zamani, wengi wao kama watumwa, na miongoni mwa wajukuu wao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wa Kisidi hutengeneza mifarishi ya viraka waiitayo kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani. Huanza kushona kutoka ukingoni, wakazunguka kwenda ndani hata wakafika katikati. Katika pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa, navyo huviita maua, na mfarishi usiokuwa na maua hayo husemwa kwamba uko uchi. Mtoto mchanga hulazwa juu ya nguo zilizovaliwa na watu wake. Ni nani atakayesema kwamba hiyo ni aibu?

Tatu, na hili ndilo kubwa, imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Na katika mapokezi ya Bukhari na Muslim imo habari ya Bibi Aisha (r.a.), aliyekuwa na pazia lenye picha. Mtume hakulipenda likiwa limetundikwa. Bibi Aisha hakulitupa. Alilikata, akalifanya mito ya kuegemea. Basi kukata nguo na kuipa kazi nyingine ni jambo lililofanywa katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zetu zote.

Haki iliyo mbele ya mkasi

Lakini kuna neno ambalo yatupasa kulisema kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Masanduku mengi hufunguliwa baada ya mwenyewe kufariki. Mama ameondoka, matanga yamekwisha, na mabinti wamekaa mbele ya sanduku wakilia. Mkubwa achukua hii kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Wa pili achukua ile kwa kuwa aliahidiwa. Aliye mbali hapati kitu, na huenda asiseme neno, lakini moyo wake hautasahau. Ndugu huweza kukoseana kwa sababu ya kitenge kimoja.

Nguo za marehemu ni mali yake, kama zilivyo ng'ombe na shamba. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia ulio ndani ya theluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao. Nguo aliyompa bintiye angali hai, na binti akaipokea mkononi, hiyo ni ya binti. Iliyosemwa tu kwamba "itakuwa yako" ikabaki sandukuni imo katika mirathi. Mrithi mtu mzima aweza kuliacha fungu lake kwa hiari. Bali mtoto asiyebaleghe hawezi kuacha kitu, wala mlezi wake hana ruhusa ya kuacha kwa niaba yake. Qurani imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima, wala haikubagua mali kubwa na ndogo. Kwa hiyo zihesabiwe nguo, zitiwe bei mbele ya mashahidi, fungu la mtoto liandikwe na litengwe. Ikiwa kuna shaka, aulizwe mwanachuoni kabla ya kukata, si baada yake.

Hayo yakishatimizwa, mkasi huweza kuleta amani. Gauni moja haligawanyiki kwa ndugu wanne bila ya kuharibika. Lakini kitambaa kilichokatwa vipande vya kipimo kimoja hugawanyika. Warithi wakiridhiana, kila nguo ya mama yaweza kukatwa, kila mmoja akapata vipande vya kila nguo. Ndipo katika nyumba nne zitapatikana farishi nne, na katika kila mfarishi imo batiki ya arusi, imo ya Idi, imo na ile aliyoletewa na mwanawe. Hapana aliyechukua yote, wala hapana aliyekosa.

Namna ya kufanya

Tueleze sasa kazi yenyewe. Mahitaji yake si makubwa: mkasi mkali, futi kamba, chaki, sindano, uzi wa pamba, pasi, na cherehani kama ipo. Chaki haitushindi, maana hata vijana wa Maswa katika mkoa huu huu wameanzisha kiwanda chake.

Zitolewe nguo zote na kutandazwa mkekani. Kila moja inuliwe mbele ya mwanga. Penye nyuzi nyembamba au tundu patiwe alama, pasitumike. Zichaguliwe za pamba zenye uzito ulio karibu. Hariri na nailoni ziwekwe kando, kwa kuwa hazivutani sawa na pamba.

Kisha zifuliwe mbali mbali. Hili lisidharauliwe. Batiki huweza kutoa rangi hata baada ya miaka ishirini, na nguo isiyofuliwa huweza kurudi ikafupika baada ya kushonwa. Isuuzwe hata maji yawe meupe. Ikikauka, isuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikishika rangi, nguo irudi majini. Isiyokoma kutoa rangi isitiwe katika mfarishi, maana itaziharibu nyingine zote. Nta iliyobaki huondolewa kwa kuweka karatasi juu na chini ya kitambaa na kupitisha pasi ya moto.

Sasa kipimo. Likatwe kadibodi la mraba wa inchi 6 na nusu kila upande, nalo liwe kielelezo cha vipande vyote. Kila mshono hula robo inchi, na kwa hiyo kipande kikishashonwa hubaki inchi 6. Vipande 10 kwa upana na 14 kwa urefu hufanya uso wa mfarishi wa inchi 60 kwa 84, unaotosha kitanda cha futi 4 kwa 6. Jumla ni vipande 140. Kitambaa chenye upana wa inchi 45 hutoa vipande 30 katika yadi moja. Basi yadi 5 zilizokusanywa kutoka nguo mbalimbali hutosha na kubakiza. Kadibodi lifuate uzi wa kitambaa ulivyonyooka, kwani kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na mstari mzima ukapinda.

Vipande vipangwe kwanza sakafuni, cheusi kando ya cheupe, nakshi kubwa kando ya ndogo. Hapa waitwe watoto. Macho ya mtoto huona haraka palipojazana rangi moja. Mpango ukipendeza, kila mstari uokotwe kwa taratibu yake, ufungwe, uandikwe nambari.

Ushonwe mstari mmoja mmoja, kisha mistari iunganishwe. Mwenye cherehani aweke mishono ipatayo 10 kwa inchi. Mwenye sindano ashone mishono midogo, na kila baada ya michache arudi nyuma mmoja ili uzi ushike. Mishono ya mstari wa kwanza ipigwe pasi kuelekea kulia, ya mstari wa pili kuelekea kushoto, hivyo hivyo hata mwisho. Kwa njia hiyo mistari ikikutana, unene hauwi mahali pamoja, na pembe za vipande hukaa sawa.

Kwa bitana, marekani yatosha. Nguo hiyo yenyewe ina jina la safari yake: karne ya kumi na tisa ililetwa Unguja kwa majahazi ya Wamarekani, ikachukuliwa na misafara hadi bara, na watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Kati ya bitana na uso itandazwe pamba iliyochambuliwa, nyembamba na iliyosawazishwa. Na hiyo, Alhamdulillahi, katika Simiyu si kitu cha kutafutwa mbali. Vyote vitatu vipigwe bandi visisogee, kisha vishonwe pamoja kwa mistari iliyokaribiana, la sivyo pamba itajikusanya pembeni mfarishi ukifuliwa. Mwisho utiwe ukingo wa kitambaa imara, na bandi zifumuliwe.

Neno kwa vijana

Kazi hii haifanywi kwa siku moja. Mwenye kushona jioni baada ya shughuli zake aweza kuchukua miezi. Kheri yake imo humo humo katika urefu wake. Binti aketiye na bibi yake akiunganisha vipande hupata zaidi ya ufundi wa sindano. Husikia nguo hii ilinunuliwa mwaka gani wa pamba, bei ilikuwaje, nani alizaliwa mwaka huo na nani alizikwa. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote. Bibi akiondoka kabla ya kuulizwa, batiki itabaki, bali habari yake haitabaki. Wala kijana wa kiume asijione mkubwa kuliko sindano, baada ya yale tuliyoyataja juu ya Mtume wake.

Twawaomba basi akina mama walio hai na wenye afya wasingoje. Wafungue masanduku wao wenyewe, wakate kwa mikono yao, waseme kwa ulimi wao hiki ni cha fulani na hiki ni cha fulani, na wakabidhi hapo hapo, wakiwafanyia watoto wao uadilifu katika zawadi. Usiku wa Juni na Julai una ubaridi Bariadi, na mtoto aliyefunikwa mfarishi wa mamaye hulala vizuri. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, atuwezeshe kutimiza haki za wenye haki, na awarehemu wazee wetu waliotuwekea akiba. Amin.