Kuusikiliza Moyo Usiku na Mchana

Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hunasa sekunde kumi tu. Mgonjwa hulala kifua wazi, hubandikwa nyaya, karatasi hutoka, naye huambiwa moyo uko sawa. Kwa mtu wa miaka 45 aliyeamka ulimi mzito na mkono hauinuki, jibu hilo halitoshi hata kidogo.

Mapigo yaendayo mrama huja na kuondoka. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kudunda, pengine kwa dakika chache, kisha hutulia. Damu ikituama humo huganda, na bonge likichomoka laweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi. Wengi hawahisi chochote.

Ndiyo sababu ya kuufuatilia moyo kwa muda mrefu. Mmarekani Norman Holter, mwanzilishi wa kazi hii katika miaka ya 1940, alikuwa na mtambo wa kilo 38 hivi, unaobebwa mgongoni. Siku hizi kidude kisichofika sentimita 5 huchomekwa chini ya ngozi ya kifua kwa ganzi, kikarekodi kwa miaka.

Utafiti wa CRYSTAL AF, uliochapishwa mwaka 2014, ulihusisha watu 441 wa miaka 40 na zaidi ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana. Baada ya miaka mitatu, tatizo la mapigo kwenda mrama lilionekana kwa asilimia 30 ya waliowekewa kifaa. Kwa waliofuatiliwa kwa njia za kawaida, asilimia 3.

Likionekana, aspirini kwa kawaida huachiwa nafasi na dawa za kuzuia damu kuganda. Kuzitoa kwa kubahatisha hakusaidii: mwaka 2018 mojawapo, rivaroxaban, ilijaribiwa kwa wenye viharusi visivyo na chanzo dhahiri, haikuishinda aspirini, na ilisababisha kuvuja damu zaidi.

Kwa walio chini ya miaka 40 kifaa hicho mara nyingi hakikuti kitu. Kwao lazima daktari atazame pia tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, mshipa wa shingo uliochanika, au selimundu. Afrika Mashariki kuna jambo jingine zito: vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni. Hapo mapigo huvurugika hata kwa vijana, na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti huionyesha vali mbovu bila kusubiri miaka. Vali hiyo huamua hata dawa: utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hii, ulionyesha kuwa dawa za kundi la warfarin ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroxaban. Warfarin nayo hudai damu ipimwe mara kwa mara, na kwa mgonjwa wa kijijini hiyo ni nauli ya kila mwezi.