Fahamu: Windows iliyopunguzwa na hatari zake

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye kompyuta kuukuu huko Kasongo au Kabambare amebaki njia panda. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za mitumba hazina. Ndipo inapovutia Tiny11, nakala iliyopunguzwa ya Windows 11 iliyotolewa mwaka 2023 na mtengenezaji ajiitaye NTDEV: programu za ziada zimeondolewa na sharti la chipu limerukwa.

Lakini nakala kama hizo zikishapita mikono ya watu, nani ajuaye kilichoongezwa? Juni 2023 kampuni ya Doctor Web ilifichua nakala zisizo rasmi za Windows 10 zenye kirusi cha kuiba sarafu za kidijitali, kimejificha kwenye sehemu ya diski inayowashia mashine, ambayo kwa kawaida programu za kukinga virusi haziipekui. Wapo watakaosema: bando ni ghali, umeme wenyewe wa sola, masasisho nani atayamudu? Hoja ina uzito. Ila flashi inayozunguka mkono kwa mkono huambukiza hata mashine isiyojua intaneti, na Tiny11 Core, toleo lililopunguzwa zaidi, haisasishiki kabisa. Anayeing'ang'ania Windows afadhali atumie skripti ya NTDEV iliyo wazi, aipunguze mwenyewe kutoka nakala rasmi. Leseni bado ataihitaji. Kwa kuchapa barua na maombi ya kazi, Lubuntu (mfumo endeshi) na LibreOffice (programu za ofisi) zinatosha: ni bure, nyepesi, na bado zinahudumiwa.