Safari za Visiwani Karibea: Tiketi Moja au Mbili?

Abiria anayetoka Afrika Mashariki kwenda Dominica kwa kawaida hupitia London au jiji jingine kubwa, kisha Barbados au Antigua. Kutoka hapo humalizia safari kwa ndege ndogo, kwa kuwa uwanja wa Douglas-Charles haukujengwa kwa ajili ya ndege kubwa za masafa marefu. Kipande hicho cha mwisho ndicho kifupi kuliko vyote, na ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi.

Mashirika yanayounganisha visiwa hivyo huwa na abiria wachache katika njia nyingi, na nauli zake hubeba kodi na tozo za zaidi ya serikali moja. Shirika la LIAT, lililoanzishwa mwaka 1956 na baadaye kumilikiwa zaidi na serikali za ukanda huo, liliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi mwaka 2020. Abiria waliokwisha kulipia safari zisizofanyika walijikuta miongoni mwa wadai, pamoja na wafanyakazi. Umiliki wa serikali haukuwa dhamana ya nauli zao.

Kwa hiyo tunamshauri abiria azingatie mambo manne.

Kwanza, anunue safari yote kwa tiketi moja inapowezekana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo humtafutia ndege nyingine. Tiketi zikiwa mbili, shirika la pili laweza kumhesabu kuwa hakutokea, na nauli ikapotea.

Pili, asipokuwa na budi kununua tiketi mbili, apange kulala usiku mmoja njiani, baada ya kuhakikisha kuwa anaruhusiwa kuingia katika nchi hiyo. Mizigo aipime kwa kiwango cha ndege ndogo.

Tatu, alipe kwa kadi. Shirika likifilisika, anaweza kuiomba benki yake imrejeshee fedha. Aliyelipa taslimu huenda akabaki na risiti tu.

Nne, azingatie muda wa kudai. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu abiria alipokabidhiwa. Shauri la fidia hufunguliwa ndani ya miaka 2.

Hatumkatazi mtu kutafuta nauli nafuu. Tunamtaka ajue, kabla ya kulipa, ni nani atakayebeba hasara ndege isiporuka.