Bosco Ntaganda: jenerali aliyetafutwa na tribinali na kupigiwa saluti

Vijana wa Goma wanauliza mara nyingi: Namna gani mutu aliyetafutwa na tribinali ya La Haye aliweza kutembea wazi katika muji wetu, kucheza tenisi na kula katika hoteli kando ya ziwa, na askari wakimupigia saluti? Ulizo hili ni la haki. Kusudi tulijibu vizuri, tufuate maisha ya mutu huyu toka mwanzo.

1. Utoto wake

Bosco Ntaganda alizaliwa Kinigi, katika inchi ya Rwanda, mwaka wa 1973. Alipokuwa kijana bado, alikimbilia Kongo, akakaa Ngungu, katika teritwari ya Masisi. Kwa umri wa miaka 17 alijiunga na jeshi la FPR, lililopigana katika Rwanda toka 1990 mpaka 1994. Hivi, wakati wengine wa umri wake walipojifunza kazi ya mikono ao ualimu, yeye alijifunza vita. Na vita ndiyo kazi aliyoishika hata mwisho.

2. Matendo ya Ituri

Katika miaka 2002 na 2003 Ntaganda alikuwa Ituri, mukubwa katika jeshi la chama cha UPC, lililoongozwa na Thomas Lubanga. Kazi yake ilikuwa kupanga mapigano. Wakati ule Wahema na Walendu walikuwa wakiuana, na zahabu ya Mongbwalu ilizidisha moto.

Mwezi wa Novemba 2002 askari wake waliingia Mongbwalu. Waliua watu wasio na silaha, wakanyanganya mali, wakafukuza wenyeji. Padri muzee, Abbé Boniface Bwanalonga, alikamatwa. Tribinali ilihakikisha kama Ntaganda mwenyewe alimupiga risasi. Mwezi wa Februari 2003, kule Kobu, watu si chini ya 49 waliuawa katika shamba la ndizi, na kati yao wanawake na watoto.

Tena kulikuwa kadogo: watoto wasiotimiza miaka 15, waliotolewa kwa wazazi wao na kupewa bunduki. Wasichana walipata mateso mara mbili, maana wakubwa wao wenyewe waliwatendea mabaya kwa nguvu. Wateteaji wa Ntaganda walisema kama sheria ya vita inamulinda adui tu, haimulindi askari wa jeshi lako mwenyewe. Waamuzi walikataa neno hilo: mutoto haachi kuwa mutoto kwa kuvalishwa nguo za askari.

3. Goma

Nyuma ya Ituri alikuja Kivu ya Kaskazini, akawa mukubwa wa jeshi la CNDP la Laurent Nkunda. Mwezi wa Novemba 2008 watu karibu 150 waliuawa Kiwanja, karibu na Rutshuru, na askari wa CNDP waliokuwa chini yake. Wakati ule tribinali ilikuwa imekwisha kuandika barua ya kumukamata toka Agosti 2006, na kuitangaza mbele ya wote mwezi wa Aprili 2008.

Lakini mwezi wa Januari 2009 Ntaganda alimugeuka Nkunda na kutangaza mwisho wa vita. Serikali ya Kinshasa ilimupokea katika jeshi la taifa kwa cheo cha jenerali. Rais Joseph Kabila alieleza kama amani inapashwa kutangulia, haki itafuata. Hapa ndipo jibu la ulizo letu: Ntaganda hakujificha, kwani watu waliopashwa kumukamata walimuhitaji. Na katika miaka ile ya ukubwa wake, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika ginsi alivyopata mali katika biashara ya madini.

Na amani iliyonunuliwa hivyo ilidumu miaka mingapi? Mitatu tu. Mwezi wa Aprili 2012, serikali ilipoanza kusema juu ya kumukamata, askari waliotoka CNDP waliasi. Ndiyo mwanzo wa M23. Tarehe 20 Novemba 2012 waliingia Goma, wakakaa hata mwanzo wa Desemba.

4. La Haye

Kisha waasi wenyewe waligawanyika, na watu wa Sultani Makenga walimushinda. Ntaganda alivuka mupaka. Tarehe 18 Machi 2013 alijitoa mwenyewe katika ubalozi wa Marekani, Kigali, akaomba apelekwe La Haye. Hakuna askari wa Kongo aliyemushika.

Kesi yake ilianza Septemba 2015. Yeye alijieleza kuwa mwanamapinduzi, si muuaji. Tarehe 8 Julai 2019 alihukumiwa kwa makosa 18, na Novemba mwaka ule akapewa kifungo cha miaka 30. Rufani yake ilikataliwa tarehe 30 Machi 2021. Malipo kwa walioumizwa yaliwekwa kwanza dola milioni 30, lakini Ntaganda alionekana hana mali ya kulipa. Basi mufuko wa tribinali wa kusaidia walioumizwa ulipashwa kutafuta feza. Mwezi wa Desemba 2022 alipelekwa katika gereza la Ubelgiji.

5. Tunajifunza nini?

Musomaji aangalie neno moja. Makosa yote 18 ni ya Ituri. Mambo ya Kiwanja hayamo katika hukumu ile. Mujane wa Kiwanja, akisikia kama Bosco amefungwa, anaweza kufurahi, lakini hakuna muamuzi aliyemuita na kumuuliza: «Nani alimuua mume wako?»

Watu wengine wanasema: Afazali kumupa muuaji cheo kuliko kuendelea na vita. Neno hili si la kuchekwa. Mama anayelala nje na watoto anataka kwanza bunduki zinyamaze. Lakini cheo kilichotolewa juu ya damu kinafundisha wengine njia ya kupata cheo. Mwisho wa Januari 2025, M23 iliingia Goma mara ya pili, na watoto waliozaliwa mwaka wa 2012 walikimbia kama wazazi wao.

Kidonda kilichofungwa bila kuoshwa kinapona juu tu, chini kinaoza. Basi sisi tunaosoma, tuandike majina ya wafu wetu na tarehe za vifo vyao, tuyachunge vizuri. Siku muamuzi atakapouliza, mutu apatikane wa kujibu.