Muhogo, Kuku wa Kupaka na Raj Kapoor: Wiki Moja Leicester

Ukiingia kwenye mgahawa wa Kigujarati katika barabara ya Belgrave, mjini Leicester, usikimbilie dosa. Shuka chini kidogo kwenye menyu mpaka uone neno "mogo". Huo ni muhogo wetu. Umechemshwa, ukakatwa vipande virefu, ukakaangwa hadi ukashika ganda, kisha ukanyunyiziwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu, kama ule unaouzwa Coco Beach jua likizama. Tofauti ni sahani ya kauri na bei, na bei hiyo ukiibadilisha kwa shilingi utapoteza hamu ya kula. Meza ya jirani, Waingereza wanautafuna wakiamini kwamba ni chakula cha India. Kweli India muhogo upo, huko Kerala kusini kabisa. Lakini watu wa barabara hii asili yao ni Gujarat, na hawakuutoa Gujarat.

Nilikuwa na wiki ya likizo na sikuwa na nauli ya kwenda mbali. Nikajipangia mchana nile kitu kipya, usiku niangalie filamu, ya zamani au ya sasa. Leicester unafaa kwa mambo yote mawili, na sababu ni moja. Wengi wa Wahindi wa mji huu hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka Kampala, Jinja, Nairobi, Kisumu, Dar es Salaam na Unguja.

Habari hii ilianza zamani kabla Idi Amin hajawafukuza Waasia wa Uganda. Watu hupenda kusema kwamba Wahindi wa kwetu ni wajukuu wa makuli wa reli. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India, ila wengi wao mkataba ulipoisha walirudi makwao. Wafanyabiashara ni habari nyingine. Hao walikuwa pwani zamani. Enzi za Sayyid Said, forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Reli ilipofika bara, wenye maduka waliifuata. Allidina Visram, naye wa Kutch, alifungua duka baada ya duka hadi Uganda. Nyuma ya kila duka kulikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko. Habari yangu iko hapo jikoni.

Kwanza, kwa nini muhogo? Wagujarati wengi wa Belgrave ni Wahindu wasiokula nyama, na siku zao za mfungo hawaruhusiwi kula nafaka. Viazi na mizizi ruksa. Mtu wa namna hiyo ukimhamishia Jinja, ambako muhogo unauzwa kila kona, huhitaji kumshawishi. Mahindi nayo wakayapika kwa tui la nazi na karanga, wakapata "makai paka", ambayo sikuwahi kuionja hadi wiki ile. Gunzi zima linaelea kwenye mchuzi wa manjano, unalishika kwa mikono miwili, mchuzi unateremka hadi kwenye kiwiko. Si chakula cha kwenda nacho kwenye mkutano wa posa.

Kuku wa kupaka hutampata kwa wasiokula nyama. Huyo wamemng'ang'ania Waislamu wa Kihindi, yaani Waismailia, Mabohora na Maithnaasheri, na wao humwita "kuku paka". Nilimla kwenye mgahawa mmoja wa pembeni. Kwetu kuku huyu hukaa juu ya makaa, na tui zito lenye tangawizi, thomu, pilipili na ndimu hupakwa kidogo kidogo huku akigeuzwa, mpaka ngozi iungue pembeni. Hapa alikuja kwenye bakuli, mchuzi umejaa, ndani yake viazi na mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu. Nilianza kumtilia shaka hadi nilipolamba kijiko, nikakuta harufu ya moshi imo. Walikuwa wamemchoma kwanza. Mayai bado nayapinga.

Sasa, wamefikaje huku? Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wapatao 28,000 walikuja Uingereza, kila familia ikiruhusiwa kutoka na paundi kama 50 hivi. Leicester tayari ulikuwa na jamaa zao waliotoka Kenya miaka michache nyuma, na halmashauri ya jiji iliogopa. Mwezi Septemba ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije. Wakaja. Wapo wanaosema kwamba wengine jina la Leicester walilisikia kwa mara ya kwanza kwenye tangazo hilohilo, na sina sababu ya kuwabishia.

Walioacha maduka wakaingia viwandani, kwenye soksi na fulana za kufuma. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha mashine za chapa cha Imperial waligoma kwa miezi kadhaa wakidai walipwe sawa na wazungu. Hili linasahaulika haraka, kwa sababu hadithi inayopendwa Uingereza ni ya mkimbizi aliyekuja na sanduku akawa tajiri.

Filamu ya kwanza niliyoitazama ilikuwa Shree 420 ya mwaka 1955. Raj Kapoor ni kijana msomi wa mkoani anayekwenda Bombay kutafuta kazi akiwa na kifurushi begani na viatu vilivyochoka. Anaweka rehani medali aliyopewa kwa uaminifu, analala njiani pamoja na maskini, halafu anajifunza utapeli hadi anavaa suti. Wazee wetu walimjua Raj Kapoor kuliko walivyowajua mawaziri wao. Awaara yake ya 1951 ilijaza kumbi Unguja na Dar es Salaam, kwenye Majestic, Empire na Avalon, na waliojaa hawakuwa Wahindi peke yao. Watu wasiojua neno la Kihindi walitoka na nyimbo kichwani, na baadhi ya tuni hizo zikahamia kwenye taarabu. Mhindi alikuwa na jengo na mashine, lakini kelele, vilio na vicheko vya ukumbini vilikuwa vya mji mzima. Kwa hiyo ninapoitazama filamu hii Leicester, sioni kama naonja utamaduni wa watu wengine.

Usiku uliofuata nikaweka Mississippi Masala ya Mira Nair, ya 1991. Nilishasikia habari za Denzel Washington na Sarita Choudhury, kijana mweusi wa Mississippi na binti wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, na mapenzi yao yanayozivuruga familia mbili. Ila kilichonikaa ni mwanzo wake. Mwaka ni 1972, familia iko kwenye basi kuelekea uwanja wa ndege, wanajeshi wanalisimamisha na kumteremsha mama, aliyeigizwa na Sharmila Tagore. Wanampekua mizigo, wanachukua vya kuchukua, na kinasa sauti chake kinapowashwa, unaoimba ni wimbo wa Shree 420, ule wa mtu aliyevaa nguo za mataifa ya watu lakini moyo wake wa kwao. Nilikuwa nimeusikia jana yake tu.

Baba wa familia, Jay, ana rafiki wa tangu utotoni anayeitwa Okelo, Mganda mweusi. Okelo ndiye anayemtoa mahabusu, na ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Jay anabeba uchungu wa maneno hayo miaka mingi huko Marekani, akiiandikia serikali ya Uganda arudishiwe nyumba yake. Anaporudi Kampala anaambiwa kwamba Okelo alishauawa siku nyingi. Nair hajifichi: anaonyesha kwamba familia hii hii iliyofukuzwa kwa rangi yake inamkataa mchumba kwa rangi yake. Yasmin Alibhai-Brown, mwandishi aliyekulia Kampala, ameeleza kwamba alipoigiza Juliet shuleni pamoja na Romeo Mwafrika, baba yake aliacha kabisa kusema naye. Kitabu chake The Settler's Cookbook kinachanganya kumbukumbu na mapishi, na hakiwaonei haya watu wake.

Pamoja na hayo, filamu ile inaikumbuka nyumba: roshani, bustani, ziwa kwa mbali. Jikoni haiingii.

Mimi niliingizwa, au tuseme nilifika mlangoni. Kwenye kiduka kimoja cha vitafunwa nilimwamkia bibi mwenye duka, "Shikamoo, mama," akaacha kupima chevdo. "Marahaba! Wewe toka wapi?" Nikamwambia Dar. Yeye wa Jinja. Tukaongea, na baada ya muda nikagundua kwamba Kiswahili chake karibu chote ni cha kuamuru: lete, weka, ngoja, pika, osha, toa, haraka. Hakuwa mkali hata kidogo, alinijazia mfuko wa bure. Hicho ndicho Kiswahili alichokihitaji akiwa msichana, na aliyekuwa akikisikia ni mpishi. Nikamwuliza muhogo alifundishwa na nani. "Mpishi yetu. Yeye fundisha mama, mama fundisha mimi." Jina la mpishi huyo analikumbuka. La baba yake, au kijiji chake, hakuwahi kuuliza.

Simsemi vibaya. Alikuwa mtoto, na baadaye alifukuzwa kwenye nchi aliyozaliwa. Lakini ukisoma habari za waanzilishi zilizobandikwa kwenye kuta za migahawa ya Belgrave, ni za babu aliyetoka Gujarat kwa jahazi, duka la Uganda, ndege ya 1972, kisha mgahawa. Aliyeumenya muhogo hayumo, wala aliyekuwa akipepea makaa chini ya kuku. Vyakula hivi vilizaliwa kati ya watu wawili jikoni, mmoja akilipwa mshahara mdogo, na huyo mmoja ndiye aliyebaki bila tangazo wala ndege.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji niliiacha ya mwisho, na nikaitazama kwa hamu kuliko zote. Ilitoka 2021, ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na chanzo chake ni riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa nguvu kwa mwanamume mzee, anatoroka, na mlango anaoubisha ni wa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Hapa Mhindi ndiye mgeni: anakula kwenye sahani ya Mwajuma, analala kwenye nyumba yake, anajifunza mji kutoka kwake, halafu anampenda Denge, mpinzani wa wakoloni. Picha zake ni nzuri mno, wakati mwingine nzuri kupita kiasi. Kuna mahali nilitaka kamera itulie watu waongee. Siti Amina anayemwigiza Mwajuma anaibeba filamu kila anapotokea.

Hiyo ningependa kuiona Leicester kwenye ukumbi uliojaa, na yule bibi wa Jinja akiwa safu ya mbele. Nilimwandikia jina la filamu kwenye karatasi ya risiti. Akaniuliza kama ina nyimbo. Nikamwambia zipo, za taarabu, akaikunja na kuitia kwenye droo ya pesa.