Je, Wajua? Kasi na Jasho la Kumbi za Hadikoo

Je, wajua kuwa miongoni mwa bendi zilizoanzisha hadikoo, ile panki ya kasi na makelele ya Marekani, kinara walikuwa vijana weusi wa Washington? Bendi yao, Bad Brains, ilianza kwa kupiga jazi iliyochanganywa na roki, ikageukia panki mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa mafundi wa ala kwelikweli, ndiyo maana waliweza kukimbiza mdundo bila kupotezana. Katikati ya dhoruba hiyo hiyo walishusha rege, kwa kuwa walikuwa Marasta. Waliowaona hawaisahau sarakasi ya mwimbaji wao, H.R.: anajirusha kinyumenyume, na miguu inatua jukwaani pamoja na pigo la mwisho la wimbo. Albamu yao ya kwanza, ya 1982, ilitoka kwa kaseti tu.

Je, wajua kuwa wimbo “Straight Edge” wa bendi ya Minor Threat hauzidi sekunde 50? Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, wimbo umekwisha.

Alama ya X mkononi je? Mwaka 1980 Teen Idles, bendi ya vijana wa Washington, walisafiri hadi San Francisco. Katika ukumbi wa Mabuhay Gardens, wasiofikia umri wa kunywa pombe walichorwa X nyeusi mikononi ili baa isiwauzie. Vijana wakarudi nyumbani na hoja kwa wenye kumbi: tuchoreni, lakini turuhusuni tuingie. Baadaye X ikawa nembo ya wanaojiepusha na pombe na dawa za kulevya. Bendi ilipovunjika, pesa za maonyesho hawakugawana. Walizitumia kutoa santuri, na hapo ikazaliwa Dischord, kampuni iliyo hai mpaka leo.

New York, ukumbi wa CBGB ulipiga hadikoo Jumapili mchana, watoto nao wapate kuingia. Ulifungwa 2006.

Je, wajua kwa nini kumbi hizo zilichemka hivyo? Jukwaa lilikuwa chini, bila uzio. Shabiki alipanda, akanyakua maikrofoni, akajirusha, akadakwa na mikono ya wenzake. Anayeanguka huinuliwa upesi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Mwaka 1981 Henry Rollins, muuza aiskrimu, alipanda kuimba wimbo mmoja na bendi ya Black Flag. Muda mfupi baadaye akawa mwimbaji wao.

Lakini walikuja pia waliotaka ngumi, na wanawake wengi wakasukumwa pembeni. Hilo liliwaudhi wengi waliojenga muziki huu, na walikuwa na haki ya kuudhika. Fugazi, bendi iliyoanza 1987, walisimamisha wimbo kila mtu alipoumiza wenzake; mkorofi alirudishiwa dola zake 5 za kiingilio na kutolewa nje.

Moto huo umefika kwetu: mwaka 2020 Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu ya makelele makali kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Zaidi ya maonyesho 800 ya Fugazi yalirekodiwa, na bendi imekuwa ikiyaweka hadharani. Tafuta moja, ongeza sauti, usikilize mpaka wimbo wa mwisho.